Kukata Kauli

Katika Kiswahili usemi mmoja hubeba maana mbili zilizo mbali kama mashariki na magharibi. Mtu mwenye afya akisema kuwa amekata kauli, hufahamika kuwa ameamua jambo: amepima, amechagua, na neno lake limesimama. Mgonjwa mahututi akisemwa kuwa amekata kauli, hufahamika kuwa ulimi umemfunga na hawezi tena kutamka. Maana ya kwanza ni kilele cha hiari ya mwanadamu; maana ya pili ni kikomo cha usemi wake. Haidhaniwi kuwa lugha iliyaweka mambo haya mawili mahali pamoja ili kufundisha falsafa, lakini falsafa imo. Siku mgonjwa anapokata kauli kwa kunyamaza, ndiyo siku watu wengine wanapoanza kukata kauli kwa niaba yake: ale au asile, apelekwe wapi, mali yake ishikwe na nani, na uhai wake uendelezwe kwa njia gani. Swali lililopo ni hili: je, kupotewa na usemi ni kupotewa na haki ya kuamua? Na kama sivyo, wenye ndimi nzima wana wajibu gani mbele ya yule aliyenyamazishwa na maradhi?

Maradhi yanayolileta swali hili nyumbani kwa watu wengi ni kiharusi. Mshipa wa damu unaolisha sehemu ya ubongo huziba au hupasuka, na sehemu ile hukosa chakula chake na kuanza kufa. Mtu aliyelala mzima huamka upande mmoja wa mwili haumtii, uso umekwenda upande, na kinywa kinatoa sauti zisizo maneno. Wahenga walisema kuwa kinywa ni jumba la maneno. Walisema kweli, lakini jumba hilo lina mlango mmoja unaopitiwa na wawili: neno hutokea humo na chakula huingilia humo. Kiharusi kikilitikisa jumba, aghalabu wote wawili hupata taabu, na jamaa wa mgonjwa hutiwa katika mitihani miwili kwa saa moja. Mtihani wa kwanza ni wa koo, na wa pili ni wa kauli. Imezoeleka kuutenga mmoja na mwingine, wa kwanza ukiachiwa waganga na wa pili ukiachiwa wanafalsafa. Lakini kosa linalotendwa katika yote miwili ni moja, na dawa yake ni moja.

Kumeza ni jambo ambalo mtu mzima hulifanya mamia ya mara kwa siku bila kulifikiri, na kwa sababu hiyo hulidhani kuwa jepesi. Si jepesi. Tonge likisha kutafunwa, ulimi hulisukuma nyuma. Kaakaa laini huinuka kuziba njia ya pua. Zoloto huvutwa juu na mbele. Kidakatonge huinamia mlango wa hewa. Nyuzi za sauti hujifunga. Pumzi husimama kwa muda wa sekunde moja hivi. Ndipo umio hufunguka na chakula kikashuka. Kazi zote hizo hufuatana kwa mpango kama wavuta jarife, na mvutaji mmoja akichelewa, wavu wote hupotoka. Chakula kikija kabla ya mlango wa hewa kufungwa, mtu hupaliwa. Mwenye afya akipaliwa hukohoa kwa nguvu, machozi yakamtoka, na hatari ikapita. Aliyepigwa na kiharusi huenda akapaliwa asikohoe. Hisi za koo zimelala. Maji au uji hushuka mapafuni kimya, mgonjwa ametulia, na aliyeshika kijiko hushukuru kwamba leo amekula vizuri. Siku chache baadaye huingia homa ya mapafu, nayo ni miongoni mwa mambo yanayowaua wagonjwa wengi waliokwisha kuepuka kifo cha siku ya kwanza.

Hapa ndipo penye kosa la kwanza, nalo ni kosa la upendo. Katika nyumba nyingi, kitu cha kwanza ambacho jamaa humfikiria mgonjwa ni chakula. Uji hupikwa upesi, kichwa cha mgonjwa hulazwa juu ya paja, na kijiko hupelekwa kinywani kwa huruma kuu. Hapana awezaye kuwalaumu kwa nia. Walakini nia njema haina uwezo wa kufunga mlango wa hewa. Mkono unaolisha kwa mapenzi bila kupima huweza kutenda yale yale ambayo mkono wa adui ungeyatenda, na tofauti ya nia haimfai kitu aliyepaliwa. Mapenzi ni sababu ya kutenda, wala hayajawa ujuzi wa kutenda.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mashine mwanzoni. Hutazamwa kwanza kama mgonjwa yu macho na aweza kukaa wima. Husikilizwa sauti yake kama ni safi, na huombwa akohoe kwa hiari ili nguvu ya kikohozi ijulikane. Kinywa husafishwa. Kisha hupewa maji kijiko kimoja cha chai, na mpimaji hutazama zoloto ikipanda na kushuka. Husubiri, humtaka aseme neno, na husikiliza kama sauti imeingiwa na majimaji. Akifaulu kwa vijiko kadhaa, katika namna moja ya jaribio hili hupewa mililita 90 za maji anywe bila kusita. Akikohoa, akibadilika sauti, akipumua kwa shida, au maji yakimtiririka pembeni mwa mdomo, jaribio hukomeshwa. Tangu hapo hapewi kitu kwa kinywa, hata vidonge vya dawa, mpaka apimwe na mtaalamu. Mtaalamu naye ana vyombo vyake: picha za eksirei zinazoonyesha chakula kikishuka, au kamera nyembamba ipitishwayo puani, njia iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Vyombo hivi huona kupaliwa kule kwa kimya ambako jicho na sikio haviwezi kukuona.

Katika mwaka 2005 watafiti walizikusanya taarifa nyingi juu ya jambo hili, wakakuta tofauti yenye mafunzo. Palipotumika kipimo cha juu juu, wagonjwa wa kiharusi walioonekana kuwa na taabu ya kumeza walikuwa baina ya 37 na 45 katika kila 100. Palipotumika uchunguzi kamili wa mtaalamu kando ya kitanda, walikuwa baina ya 51 na 55. Palipotumika vyombo, walikuwa baina ya 64 na 78. Ugonjwa ulikuwa ule ule. Kilichozidi ni bidii ya kutazama. Basi hapa kuna hoja ya maadili ndani ya hesabu: asiyetazama vema hawezi kujitetea kwa kusema kuwa hakuona. Na mwaka 2011 lilitangazwa jaribio lililofanywa katika hospitali 19 za New South Wales, Australia. Wauguzi walifundishwa kushughulikia mambo matatu kwa utaratibu, yaani homa, sukari ya damu, na kumeza. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki wakitegemea wengine walikuwa 42 katika 100 mahali palipokuwa na utaratibu huo, na 58 katika 100 mahali pasipokuwa nao. Wale wauguzi hawakuvumbua dawa mpya. Walilofanya ni kuuliza kabla ya kutenda.

Yamkini mtu atasema kuwa kumzuia mgonjwa chakula ni ukatili, na kwamba ni heri afe ameshiba mikononi mwa watoto wake kuliko akae na kiu akitazama maji ya watu. Neno hili lina uzito, wala halifai kutupwa. Lakini kuzuia si kunyima. Anyimaye huzuia kisha huenda zake. Azuiaye kwa haki hubaki, na kuzuia kwake humtwisha deni. Anayesema mgonjwa asinywe kwa kinywa amejiwekea wajibu wa kumpatia maji kwa njia nyingine, wa kuusafisha mdomo wake mara nyingi kwa siku ili uchafu usishuke mapafuni, wa kumweleza sababu hata kama haonyeshi kusikia, na wa kumpima tena kesho na kesho kutwa. Maana hali hii haikai mahali pamoja. Kazi ya kumeza hushikwa na pande zote mbili za ubongo, na upande uliosalimika huweza kujifunza kubeba mzigo wa mwenziwe. Ndiyo maana wagonjwa wengi hurudiwa na uwezo wa kumeza katika majuma machache. Katazo la siku ya kwanza likiendelea kufuatwa mwezi wa pili bila kipimo kipya limegeuka kuwa adhabu. Tiba nyingine nazo zina sura mbili. Uji uliofanywa mzito hushuka polepole na humpa mgonjwa nafasi ya kufunga njia ya hewa, lakini wengi hawaupendi, hunywa kidogo, na mwili hukaukiwa maji. Mpira wa kulishia upitishwao puani huleta chakula, lakini huudhi, na haumkingi mtu na mate yake mwenyewe. Kila msaada unadai jicho la kuuchunguza.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu halionekani katika picha yoyote. Ni kudhani kuwa aliyekata kauli amekatikiwa na akili. Watu husimama karibu na kitanda wakazungumza juu ya mgonjwa kana kwamba hayupo. Huulizwa mtoto wake kama baba ana maumivu, na baba yupo. Hugawanywa funguo mbele ya macho yake. Desturi hii ina mzizi wa kale katika mawazo ya wanadamu, kwa kuwa wengi wamefundishwa kuwa usemi ndio unaomtenga mtu na mnyama. Na mwenye kuamini hivyo bila kufikiri atafikia hukumu ya kuwa aliyepungukiwa na usemi amepungukiwa na utu.

Hukumu hiyo ilikanushwa na mtu mwenyewe aliyefikwa, tena mtu wa maneno kuliko wengi wa zama zake. Samuel Johnson wa London, aliyetoa kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, aliamka usiku mmoja wa mwezi wa Juni mwaka 1783 akahisi mvurugo kichwani. Alikuwa na umri wa miaka 73. Akaogopa, akamwomba Mungu amhifadhie akili yake hata kama mwili ungeteswa. Na ili aijaribu akili hiyo, aliitunga sala yake kwa mashairi ya Kilatini. Beti hazikuwa nzuri sana, na yeye alitambua kuwa hazikuwa nzuri. Kwa kutambua huko alijua kuwa akili yake ingali mahali pake. Alipotaka kusema ndipo alipogundua kuwa sauti haitoki. Asubuhi alimwandikia jirani yake barua, na mkono ukawa unaandika herufi nyingine badala ya alizokusudia. Mtumishi wake aliingia akizungumza, wala hakufahamu upesi kwa nini anapewa karatasi aisome. Katika chumba kile kimoja palikuwa na mtu mmoja aliyekuwa na akili timamu bila sauti, na mwingine mwenye sauti timamu asiyefahamu. Johnson alirudiwa na usemi baada ya siku chache, akaishi hadi Desemba mwaka 1784. Akiba aliyoiacha katika barua zake za siku zile ni ushahidi wa ndani ambao wengi waliofikwa hawapati nafasi ya kuutoa.

Ushahidi wa nje ulipatikana Ufaransa. Katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris aliishi mtu aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka 21 hakuweza kutamka ila silabi moja, tan, hata watu wakamwita kwa jina hilo. Ugonjwa wake ulianza kwa kifafa tangu ujana, kwa hiyo kisa chake si cha kiharusi cha kawaida, lakini somo lake ni lile lile. Mwezi wa Aprili mwaka 1861 tabibu Paul Broca alimchunguza. Alimwuliza amekaa hospitalini muda gani. Leborgne alifungua kiganja chake mara nne, kisha akaonyesha kidole kimoja: ishirini na moja. Kesho yake Broca aliuliza tena, akapata jibu lile lile. Alipouliza mara ya tatu, mgonjwa alitambua kuwa anachezeshwa mazoezi, akakasirika, akalitoa apizo ambalo lilimtoka katika hasira tu. Siku chache baadaye alifariki, na Broca akaonyesha mahali palipoharibika katika upande wa kushoto wa ubongo wake, sehemu ya mbele. Jina la Broca limepata sifa kwa kupatambua mahali pale. Lakini kwa mwenye kuyatafakari maadili, vile vidole ishirini na kimoja vina thamani zaidi. Mtu ambaye kwa miaka mingi wenzake walimwita kwa silabi moja alikuwa akihesabu miaka yake. Na hasira yake ilikuwa hasira ya mwenye akili anayeulizwa swali alilokwisha kulijibu.

Tangu wakati huo elimu imeyatenga mambo ambayo macho ya watu huyachanganya. Yupo mgonjwa ambaye lugha yake i nzima, ila misuli ya ulimi na midomo imelegea, na maneno yake hutoka mazito. Hii huitwa disathria, na mtu huyu akipewa kalamu huandika barua kamili. Yupo mwingine ambaye misuli ina nguvu, lakini ubongo umesahau mpango wa kuitembeza. Hii ni apraksia ya usemi. Yupo wa tatu ambaye lugha yenyewe imejeruhiwa, nayo ni afasia. Katika afasia wapo wanaofahamu mengi na kusema machache. Na wapo, kama alivyoeleza Carl Wernicke mwaka 1874, wasemao mfululizo kwa ufasaha wa sauti bila maana, na kufahamu kwao ni kudogo. Jambo hili la mwisho latia adabu pande zote mbili. Kimya si ushahidi wa kukosa fahamu, na wingi wa maneno nao si ushahidi wa kuwa nayo. Kwa hiyo hukumu haitolewi kwa kusikiliza peke yake. Mgonjwa hutakiwa aonyeshe kitu kilichotajwa, afuate amri ya hatua moja, kisha ya mbili. Ataje, arudie, asome, aandike. Atakalolishindwa hapa huenda akaliweza pale, na sura kamili haipatikani mpaka milango yote imebishwa hodi.

Katika Afrika ya Mashariki mlango mmoja zaidi wapaswa kubishwa, nao ni wa lugha ya pili na ya tatu. Mzee wa Hai, Kilimanjaro, huenda alilelewa kwa Kichaga, akafanya biashara kwa Kiswahili, na akasoma kwa Kiingereza. Kiharusi kikimpata, lugha zake zote huweza kuumia, wala si lazima ziumie kwa kiasi kimoja au zirudi kwa pamoja. Atakayempima kwa Kiswahili tu na kuandika kuwa hafahamu, huenda ameandika udhaifu wa kipimo chake. Na jambo hili si la watu wachache. Uchunguzi uliofanywa baina ya mwaka 2003 na 2006 ulikadiria, baada ya kusawazisha umri, kuwa wapatwao na kiharusi kwa mara ya kwanza kila mwaka walikuwa takriban 109 katika watu 100,000 huko Hai, na takriban 316 katika Dar es Salaam. Watafiti wengine walitoa taarifa mwaka 2008 juu ya maelezo ya watu wenyewe kuhusu maradhi haya, na matokeo yalikwenda kinyume cha matarajio ya wengi: mjini Dar es Salaam ndiko kiharusi kilikohusishwa sana na mashetani na uchawi, na shambani Hai watu walitaja zaidi shinikizo la damu, mafuta ya chakula na mashaka ya maisha. Imani hizo hazikuletwa hapa ili zichekwe. Zinahusu hoja hii kwa sababu moja: anayeamini kuwa asemaye kwa kinywa cha mgonjwa ni shetani hatamwuliza mgonjwa neno, na anayeamini kuwa mgonjwa amebaki mwili mtupu hatamwuliza vile vile. Njia ni mbili na mwisho wao ni mmoja: mwenye jambo hakuulizwa.

Sasa yaja mahali pagumu. Na afikiriwe mzee aliyekwisha kupimwa akaonekana anapaliwa kwa kimya, na miezi imepita bila nafuu ya koo. Mpira umo puani. Kila alfajiri anaunyoosha mkono wake mzima kuelekea kikombe cha chai cha mwanawe, na mara mbili ameuvuta mpira ukatoka. Mtoto mmoja asema: baba amekata kauli, hataki mpira, aachwe anywe chai yake. Mwingine asema: baba hajui atendalo, afungwe mkono. Wote wawili wampenda. Nani mwenye haki?

Jibu la haraka la upande wowote ni kosa lile lile la kwanza: kutenda kabla ya kupima. Kuvuta mpira huenda kukawa uamuzi, na huenda kukawa ni kujikuna tu panapowasha. Hata kutikisa kichwa hakutoshi, maana wenye afasia huweza kusema ndiyo wakikusudia siyo. Basi swali huulizwa kwa sura mbili zinazopingana, leo na kesho: wataka mpira ukae? wataka mpira utoke? Huulizwa kwa lugha yake ya moyoni, kwa sentensi fupi, kwa picha ya kikombe na picha ya mpira, asubuhi akiwa hajachoka. Hujaribiwa kwanza kwa maswali ambayo majibu yake yajulikana, ili ijulikane kama ndiyo yake ni ndiyo. Akionyesha kuwa afahamu hatari, kwamba chai hii yaweza kumletea homa na kifo, na siku baada ya siku achague chai, basi amekata kauli kwa maana ya kwanza, ijapokuwa amekata kauli kwa maana ya pili. Waganga na watoto watabaki na haki ya kumsihi, na wajibu wa kuipunguza hatari: akae wima, kinywa kiwe safi, anywe kidogo kidogo, na unene wa chai uwe ule aukubalio. Hawatakuwa na haki ya kumfunga mkono. Mwenye afya hukubaliwa kwenda baharini katika upepo mbaya kwa kutafuta riziki. Haifai mgonjwa azuiliwe kuvuka kikombe kimoja kwa sababu tu hana sauti ya kujitetea.

Na ikiwa vipimo vyote vimefanywa kwa uaminifu, na ikaonekana kuwa hafahamu? Hapo wengine hawana budi kukata kauli kwa niaba yake, lakini hawaikati kutoka katika mioyo yao. Swali lao si kile ambacho wao wangekitaka, wala kile kitakachowapunguzia lawama za majirani. Ni kile ambacho maisha yake yote yanashuhudia kuwa angekichagua. Wala sayansi haitawaondolea mzigo huo. Jaribio kubwa la mwaka 2005, lililowahusu wagonjwa 859, lilielekea kuonyesha kuwa kulisha mapema kwa mpira huenda kukaokoa baadhi ya wagonjwa na kifo, lakini miongoni mwa waliookolewa wengi wangebaki katika ulemavu mzito. Hesabu imeeleza njia inakokwenda. Haikueleza kama inafaa kupitwa. Hilo hujibiwa na mwenye safari, au na wale wanaomjua vema kiasi cha kumjibia bila kujisemea wenyewe.

Isidhaniwe kuwa yote haya ni elimu ya kuaga. Tathmini iliyotolewa mwaka 2016, iliyokusanya majaribio 57, ilionyesha kuwa tiba ya usemi huwasaidia wenye afasia katika kuwasiliana, kusoma na kuandika. Wapo wasioweza kuomba maji lakini waweza kuhesabu, kuimba, au kuzisoma sala walizozikariri utotoni, kwa kuwa maneno yaliyozoeleka yana njia nyingine; na mwaka 1973 ilielezwa huko Marekani njia ya kutumia mahadhi ya wimbo ili kuyarudisha mazungumzo. Kwa upande wa Afrika ya Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha wataalamu wa tiba ya usemi na lugha mwaka 2008. Na yupo mshairi wa Sweden, Tomas Tranströmer, aliyepigwa na kiharusi mwaka 1990, akapooza upande wa kulia na kubakiwa na maneno machache. Aliendelea kutoa mashairi mafupi, akapiga piano kwa mkono wa kushoto, na mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Si kila mgonjwa ni mshairi, wala haki ya kuulizwa haimpasi mgonjwa kwa sababu ya kipaji. Kisa chake kinatosha kwa jambo moja: hapana ajuaye kilichomo ndani ya aliyenyamaza mpaka atafute.

Basi swali la mwanzo laweza kujibiwa. Kupotewa na usemi si kupotewa na haki ya kuamua, bali ni kupotewa na njia ya kuidai. Haki isiyoweza kudaiwa na mwenyewe hugeuka kuwa deni kwa wengine, nalo hulipwa kwa uchunguzi na subira: kwa kijiko kimoja cha maji kabla ya bakuli la uji, na kwa swali lililoulizwa mara mbili kabla ya uamuzi mmoja. Upendo usiopima hulisha mapafu badala ya tumbo, na husema badala ya mtu ambaye bado ana la kusema. Wazee wana neno la kuwakumbusha wenye ndimi nzima kuwa deni hili si la hisani: hujafa, hujaumbika. Anayekaa leo kando ya kitanda huenda kesho akawa ndiye anayefungua kiganja mara nne na kuonyesha kidole kimoja, akingoja mtu mwenye uvumilivu wa kuhesabu.